Kibuyu Kisicho na Mkanda

Mwanamke ninayemchukia kuliko wote hajawahi kuzaliwa. Ana duka la mikate katika mji mdogo ulio kando ya bahari, nchi za watu huko, na ana paka mnene anayelala dirishani. Katika sura ya pili mtu anakufa, na kwa kawaida ni mtu ambaye hakuna aliyempenda, ili msomaji asisumbuke kulia. Polisi wa mji ule hajui lolote. Basi mwanamke wa mikate anavua aproni, anauliza maswali mawili matatu, anatazama matope kwenye viatu vya watu, na katika sura ya mwisho anawakusanya wote sebuleni, anawamiminia chai, anawaambia nani alifanya nini. Mwenye kosa anachukuliwa. Wengine wanamaliza keki.

Nimesoma vitabu vya aina hiyo zaidi ya arobaini. Katika kimoja duka ni la mikate, katika kingine ni la nyuzi za kufuma, katika kingine mwanamke mwenyewe ni mtunza maktaba aliyestaafu, lakini mji ni ule ule: bandari ndogo, mnara wa taa, barabara moja, watu wanaojuana tangu ubatizo. Vilikuja shuleni kwetu ndani ya maboksi ya msaada. Mtu fulani wa mbali aliona kwamba watoto wa wachuma chai wa huku Kericho wanahitaji riwaya za marehemu nyanya yake. Watoto hawakuvigusa. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili na ndiye niliyepewa ufunguo wa kabati, kwa hiyo nikavibeba nyumbani kimoja kimoja, nikavisoma vyote, mvua ya alasiri ikipiga mabati.

Nilivipenda, nisijifanye. Sijawahi kuiona bahari kwa macho yangu, na chai wanayoinywa katika kila ukurasa ni kama imejiotea ndani ya birika, lakini nilivipenda kwa sababu nilidhani vinasema ukweli kuhusu mahali padogo kama kwetu, ambapo kila mtu anajua ng'ombe wa mwenzake atazaa lini. Vilinifundisha kwamba mwanamke anayetazama vizuri na kunyamaza anaweza kujua kila kitu, na kwamba akishakisema, mji unapona. Hilo la pili ni uongo mtupu, na uongo huo ulimgharimu jirani yangu jina lake. Ndiyo maana nina hasira, na haijapungua tangu mwaka jana.

Jirani huyo alikuja huku kutoka Kisii, mumewe alipopata kazi katika shamba kubwa la chai. Mume alifariki, yeye akabaki na watoto watatu katika nyumba ya kupanga nyuma ya kituo tunakopimia majani yetu ya chai, upande wa Kapsoit. Alifungua kibanda cha maziwa. Asubuhi aliwauzia wachumaji maziwa ya moto, na kuanzia saa nne aliuza mursik, yale maziwa yetu yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Mursik ni chakula cha Wakipsigis na wanawake wa kwetu hukitengeneza kwa maringo, lakini nitasema hapa jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka: ya kwake ilikuwa bora kuliko yetu. Alisugua vibuyu vyake mara mbili. Mkaa wake aliutoa kwenye mti wa senetwet tu, na kama hana senetwet hakugandisha siku hiyo. Wanaume walikunywa kwake wakitoka kupima chai, kisha wakarudi nyumbani wakasifu ya wake zao.

Aliishi kati yetu miaka kumi na miwili, na hatukujifunza jina la mtoto wake hata mmoja ili tumwite kwa jina hilo kama tunavyoitana sisi. Tulimwita Mama Kisii. Naye hakuwa na shamba wala ng'ombe, alinunua maziwa kwetu na kutuuzia tena. Mtu kama huyo ana kitu kimoja tu cha kumlisha, nacho ni watu kuamini kwamba maziwa yake ni safi.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike aliposwa na watu wa upande wa Chebunyo. Siku ya koito, siku ile wazee wa pande mbili wanapoketi kukubaliana mahari, wageni hupewa mursik, na hao ni watu wa mifugo, huwezi kuwadanganya kwa maziwa. Mama yangu aliomba vibuyu kwa wanawake wanne, na cha tano kikawa chake. Mmoja wa wale wanne alikuwa Mama Kisii. Kila mwanamke wa kwetu ana mkanda wa ngozi na shanga kwenye kibuyu chake, na kwa mkanda huo unakijua ni cha nani hata ukiwa mlangoni. Cha Mama Kisii peke yake hakikuwa na mkanda. Alikinunua sokoni kikiwa kitupu, na alisema shanga ni urembo wa wenyeji, yeye anatosheka kikiwa safi.

Wazee walikaa sebuleni wakanywa kutoka kibuyu chenye mkanda wa mama yangu, shanga nyekundu na buluu. Walisifu mpaka mama akafunika uso kwa leso. Nje, chini ya hema, shangazi watatu wa bwana harusi walipewa kutoka kibuyu kisicho na mkanda. Nilimwona mmoja akionja na kumtazama mwenzake. Lakini siku ya koito mgeni harudishi kikombe. Kukirudisha ni kusema nyumba hii haifai, na walikuwa wanawake wenye adabu. Walimaliza vyote.

Asubuhi iliyofuata simu ikaja. Shangazi wote watatu walikuwa wamelazwa Bomet, wanaharisha na kutapika. Walipona baada ya siku mbili, lakini aibu ilikuwa imeshafika Chebunyo kabla yao.

Hapo ndipo mimi, mwalimu mzima mwenye diploma, nilipovua aproni.

Hakuna aliyeniomba. Siku ya tatu wanawake wa kikundi cha kanisa walikuja kuchukua sufuria na vibuyu vyao, na mimi nikawaambia waketi kwanza. Niliwapa chai na mkate uliopakwa blubendi. Nikapanga vibuyu vitano juu ya meza, kile kibaya katikati. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu alfajiri, na nilifurahi. Lazima niliseme hilo. Nilifurahi kama mtoto aliyeitwa mbele kusoma.

Niliwapitishia kibuyu kibaya wanuse. Maziwa yale hayakuchachuka, yalioza. Nikawaonyesha mdomo wake ulivyofifia, mkaa kidogo sana. Nikawakumbusha kwamba barabara ilipopanuliwa ile miti ya senetwet ya kando ilikatwa, na kwamba kuna mtu alinilalamikia mimi mwenyewe kwamba sasa mkaa ni shida. Nikawauliza nani aliondoka koito kabla ya chakula. Nikawauliza mwisho, kwa sauti ya chini kama nilivyojifunza, ni nani kati yetu ambaye kibuyu chake hakina mkanda.

Mama Kisii, ambaye naye alikuja kuchukua kibuyu chake, alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Aliondoka mapema siku ile kwa sababu wachumaji walikuwa wanamngoja kibandani, na hilo nililijua.

"Mwalimu, hiyo si yangu," alisema. "Yangu iko na alama ya kuungua hapa chini. Mtoto aliweka karibu na moto." Akanyoosha kidole. "Yangu ni hiyo."

Alikuwa ameonyesha kibuyu chenye mkanda wa mama yangu.

Wanawake walicheka. Si kicheko kibaya, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka, walicheka kama unavyomcheka mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Huo mkanda tunaujua tangu tuolewe hapa," mmoja alisema. Kibuyu kilikuwa pale, hatua moja kutoka mkono wangu. Ilikuwa kazi ya kukigeuza tu, kutazama chini. Yule mwanamke wa mikate angekigeuza. Mimi sikukigeuza, kwa sababu nilikuwa nimeshafika sura ya mwisho.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake, anatazama kikombe. "Yaishe tu," alisema. "Si wamepona."

Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyefunga kikao. "Lakini hata sisi tulikosea," alisema. "Kitu ya kwetu, ya koito, unapeaje mtu wa nje atengeneze?" Na wote wakaitikia. Sentensi ile haikutafutwa. Ilitoka haraka, tayari imepikwa, na nikajua ilikuwa mdomoni mwao miaka yote kumi na miwili wakinywa maziwa yake. Mimi niliwapa nafasi tu ya kuitoa. Mama Kisii aliambiwa achukue kibuyu chake, yaani kile kibaya. Hakukigusa. Alisimama, akasema asante kwa chai, akaondoka mikono mitupu.

Na hapa naomba niwageukie wale waandishi wa bandari na minara. Vitabu vyao vyote arobaini vina kanuni moja: mgeni wa mji, yule anayeshukiwa kwanza, hana hatia kamwe. Niliijua kanuni hiyo kabla sijafika ukurasa wa hamsini, na nilikuwa naicheka. Lakini wale waliiweka kama mchezo, ili msomaji aliyelala kitandani apate cha kukisia. Hawakuandika kinachompata yule mgeni kati ya sura ya tatu na ya ishirini. Ananunua wapi sukari? Nani anamsalimia? Katika vitabu vyao anasafishwa, anapewa kipande cha keki, anacheka na wote. Hakuna mji wa namna hiyo, si pwani wala milimani.

Ndani ya wiki moja kibanda kilikuwa hakina mtu. Wachumaji walipita wakitazama upande mwingine. Hata walimu wenzangu, waliokunywa kwake kila siku saa nne, walianza kubeba chupa za chai kutoka nyumbani. Mwenye ploti alikipangisha kibanda kwa kijana wa kuuza vifuniko vya simu. Mama Kisii alivaa kikapu mgongoni akaanza kuchuma chai ya watu kwa kibarua.

Wiki tatu baada ya koito daktari wa mifugo alikuja kumwangalia ng'ombe wetu. Mimi nilimshikia kamba.

"Kiwele imekuwa sawa," alisema. "Ile wiki ya sindano mlimwaga maziwa ya siku tatu, vile niliambia mama?"

Nilimuuliza sindano gani. Akanieleza kwamba titi moja lilikuwa limevimba, kwamba alimdunga Jumatatu ya wiki ile ya koito, na kwamba maziwa yenye dawa ile hayafai kunywewa. "Na usijaribu kugandisha. Haigandi. Dawa inaua ile kitu ya kuchachua, maziwa inakaa tu inaoza."

Mama alikuwa ameanza kugandisha Jumanne. Sikuhitaji kitabu. Nilimwachia daktari kamba, nikaingia jikoni, nikakishusha kile kibuyu chenye shanga nyekundu na buluu ambacho tulikuwa tunakitumia kila siku, nikakigeuza. Alama ya kuungua ilikuwepo, pana kama kucha ya kidole gumba.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga za managu. Niliweka kibuyu mbele yake, chini juu. Hakujifanya kushangaa.

"Maziwa haimwagwi chini," alisema. "Tangu nizaliwe sijamwaga maziwa. Na ilikuwa wiki ya koito, ningetoa wapi ingine?"

"Na mkanda?"

Aliniambia kwamba Ijumaa jioni alifungua kibuyu chake akaona maziwa yamechelewa, hayakuwa na harufu nzuri. Akafungua cha Mama Kisii, akaonja, akajua ni hicho ndicho wazee wanastahili kunywa. Lakini wazee wa Chebunyo wangeoneshwaje kibuyu kitupu cha sokoni katika nyumba inayotoa bibi harusi? Akautoa mkanda wake akakivisha. Chake akakiacha kitupu, kiende hemani kwa wanawake, akidhani ni kuchelewa tu.

"Wazee walisifu, ama hawakusifu?"

"Walisifu maziwa ya mtu mwingine, Mama. Na ulikaa pale ukisikia nikimwaga jina la mama wa watu."

"Ningesema nini?" Sasa alinitazama. "Wangesema huyu msichana ametoka kwa mama wa aina gani. Na wewe ulikuwa unaongea vizuri sana."

Sijawahi kumpiga mtu mzima. Siku ile niliondoka pale kwa sababu nilihisi mkono wangu. Nilimkasirikia, na nilikasirika zaidi kwa sababu maneno yake ya mwisho yalikuwa kweli.

Nilimkuta Mama Kisii katikati ya chai ya mtu, kikapu kimejaa nusu. Nilimweleza yote, sindano, mkanda, alama. Nilimrudishia kibuyu chake. Alikinusa, akajua tumekitumia, akakiweka chini kwenye majani. Nilimwomba msamaha. Nililia pia, nikidhani machozi yangu yatamsaidia na kitu.

Hakuacha kuchuma. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, anatupa nyuma ya bega.

"Mwalimu, unaniambia hapa kwa chai," alisema. "Nani anasikia? Ulinitaja mbele ya watu. Nitaje tena mbele ya watu."

"Nitafanya hivyo, mama. Jumapili."

"Sitaki kitu ingine. Nataka tu wajue maziwa yangu ilikuwa safi."

Mama yangu alininyamazia siku zote zilizobaki za wiki. Mdogo wangu alinipigia simu akilia, akisema nisubiri angalau harusi ipite. Nilimwambia watoto wa yule mama wanakula kila siku, hawasubiri harusi. Nilijiona jasiri sana.

Jumapili alikuja. Yeye si wa kanisa letu, lakini alikuja na watoto wake watatu, mashati yamepigwa pasi, wakakaa benchi la nyuma. Wakati wa matangazo nilisimama nikachukua maiki. Nilisema maziwa yaliyowaumiza wageni yalitoka kwa ng'ombe wetu aliyedungwa sindano. Nilisema kibuyu kibaya kilikuwa cha nyumbani kwetu, na kile ambacho wazee walikisifu ndicho kilichokuwa cha huyu mama. Nilisema nilimsingizia na nilikosa. Nilisema "kwetu" na "nyumbani." Neno "mama yangu" lilifika kooni, nikamwona pale benchi la pili ameshika fimbo yake, likarudi chini.

Kisha mwenyekiti wa akina mama akasimama, akasema Bwana asifiwe, wakaitikia, akaichukua ile maiki mkononi mwangu.

"Mwalimu amejinyenyekeza," alisema. "Amekubali kubeba mzigo ya mwenzake, na hiyo ndiyo roho ya Kikristo. Sasa hata sisi kama akina mama tunasema mbele ya mchungaji, huyu mama yetu wa Kisii tumemsamehe. Yaishe leo."

Walipiga makofi. Nilisema kwa sauti kwamba hakuna kitu cha kumsamehe, kwamba hawajanisikia, lakini sikuwa na maiki tena na makofi yalikuwa mengi. Nyuso zao zilikuwa zimejaa upendo. Hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wamesikia kila neno langu, wakaligeuza likawa wema wangu na kosa lake, na wakafurahi kwa yote mawili.

Mchungaji akamwita mbele aombewe. Alinitazama kutoka benchi la nyuma, akinipa nafasi ya kusema kitu, na mimi nilikuwa natafuta kitu hicho. Angeweza kukataa. Lakini mwenye nyumba anayoipanga alikuwa benchi la tatu, na wenye chai anayoichuma walikuwa pande zote. Aliwaambia watoto wakae, akaja mbele, akapiga magoti.

Wanawake walimzunguka wakaweka mikono juu ya kichwa chake. Waliomba Mungu aisafishe kazi ya mikono yake. Mama yangu aliinuka polepole, akapita katikati yao na fimbo, akauweka mkono wake juu ya ile mingine, akaomba kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Mchungaji aliposema Amina, jirani yangu alisema Amina, na mimi, Mungu ananiona, nikasema Amina.